Pumzi Kati ya Minara ya Sabuni

Mama Wasif alikataa kupewa pole kwa zaidi ya miaka ishirini, na Nablus si mji wa kumwacha mtu akatae pole kwa raha zake. Watu wa huku ni hodari wa mambo mawili, kupika sabuni na kuwahi msibani, na wakimkuta mfiwa hafungui mlango huona wametukanwa. Mumewe, Nimr, mpiga nai wa harusi, alitoka nyumbani asubuhi moja katika miaka ile ya barabara kufungwa, filimbi yake ya mwanzi ikiwa kwapani, akashika njia ya mlimani ili akwepe kizuizi cha askari na kufika kijiji cha pili alikokuwa akingojewa na bwana harusi na wageni wake. Harusini hakufika. Nyumbani hakurudi. Waliuliza magerezani, wakauliza hospitalini, wakawauliza wachungaji wa huko juu, na kila walikouliza jina lake halikuwepo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Labda hawakuwahi kukutana na Mama Wasif. Nimr hayupo, lakini kiti cha dirishani kilikuwa chake na hakuna aliyethubutu kukikalia, na zeituni za uani zilipochumwa fungu lake lilitengwa. Eda hakukaa. Matanga hayakuwekwa. Mtu akibisha hodi na uso wa makiwa, mama huyo alimkaribisha vizuri, akampa chai tamu, akamuuliza habari za wajukuu mmoja mmoja mpaka mgeni akaondoka na pole yake mdomoni.

Aliyechoka zaidi na jambo hilo alikuwa ami Fawwaz, mdogo wake Nimr, mpika kunafa, vile vitamu vya jibini, mwenye tumbo la kazi yake na moyo laini kuliko jibini lake. Wiki ile ambayo Wasif, mwana wa Nimr, alikuwa na onyesho lake la nai, alimvuta nyuma ya duka, akamwambia kwamba sheikhe amekubali, sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, itasaliwa Ijumaa, na turubai la kukalia waombolezaji amekwisha kuliazima. Kilichobaki ni mama kuambiwa.

"Mimi si adui wa mama yako," alisema. "Lakini kaka yangu hajasaliwa. Mtu azurure bila sala miaka yote hii? Mwambie wewe, wewe ndiye mwanawe."

Wasif alisema atamwambia baada ya onyesho. Ami Fawwaz akamjibu kwamba kwao kila kitu ni baada ya kitu kingine, lakini haya, iwe baada ya onyesho, ila isivuke hapo.

Kwa hiyo Wasif alikwenda kupiga nai akiwa na maneno hayo kifuani, na yalimlemea. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, amesoma, amesafiri, lakini hakuwa na hakika hata na moyo wake mwenyewe. Huko ughaibuni alikosomea jazi aliwahi kumfuata mzee mmoja mtaa mzima kwa sababu tu alitupa mabega akitembea kama baba yake. Aliogopa. Aliona kwamba siku atakayosema "baba amekufa" mbele ya mama yake, yeye ndiye atakayekuwa amemuua.

Na kama hilo halikutosha, yeye na mama yake walikuwa wamegombana kuhusu pumzi. Wapiga saksofoni wa ughaibuni walimfundisha Wasif ujanja wa kuweka hewa mashavuni huku akivuta nyingine kwa pua, ili sauti isikatike hata mara moja. Wapiga zumari wa harusi za kwetu wanaujua ujanja huo tangu enzi za mababu, ila wao hawakupewa cheti. Wasif aliuhamishia kwenye nai na akajivunia sana. Mama yake alimsikia akifanya mazoezi, akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," alisema. "Wewe umeamua kuwa mvukuto wenyewe."

"Ni ufundi, mama."

"Ufundi gani? Msikilizaji anapumua pamoja na mpigaji. Wewe usipopumua, mimi nipumue saa ngapi? Baba yako anapumua. Hik! Kidogo tu, kama mtu aliyemwagiwa maji, halafu wimbo unaendelea. Watu wanaingoja ile pumzi kuliko wimbo."

Wasif alisikia alivyosema "anapumua", si "alikuwa akipumua". Akaahidi kwamba kwenye onyesho atapumua kama binadamu wengine, na mama akarudi jikoni akiwa ameshinda.

Onyesho liliwekwa kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni katika mji wa kale, ghorofa ya juu, ndani ya ukumbi wa kukaushia. Vipande vya sabuni hupangwa humo duara juu ya duara, kwa kuachiana nafasi ili hewa ipite, mpaka vinakuwa minara mirefu kuliko mtu, mipana chini na myembamba juu, na ndani mitupu. Mwenye kiwanda alitoa ukumbi wake kwa moyo mkunjufu, lakini minara hakuiondoa, kwa kuwa sabuni haimngojei msanii. Viti vikapangwa mbele yake. Nimr mwenyewe aliwahi kufanya kazi humo, mchana akifunga sabuni kwenye karatasi, na wenzake wakila yeye aliingia kati ya minara na nai yake, kwa sababu alisema minara inajua kusikiliza. Wasif alichagua mahali hapo kwa ajili ya mwangwi. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu, na labda hata yeye aliamini.

Wakaanza mara baada ya sala ya alasiri, ili waliotoka vijijini wawahi kizuizi kabla hakijafungwa. Jua liliingia kwa madirisha ya juu, na harufu ya mafuta ya zeituni na magadi ilikuwa nzito. Mama Wasif alikaa mstari wa mbele, mtandio mweupe, mikono mapajani. Ami Fawwaz alikaa nyuma yake na tasbihi. Udayy, binamu yake Wasif, alikuwa pembeni kwenye mashine za sauti, na katikati palikuwa na kiti kimoja tu, kwani hapakuwa na ngoma, wala udi, wala piano. Watu walitazamana. Jazi ya mtu mmoja na kijiti kimoja, bibi mmoja alinong'ona, bora angekaa nyumbani kupiga miluzi.

Wasif aliuanza wimbo wa kumtoa bwana harusi nyumbani kwao, ule ambao baba yake alijulikana nao mji mzima. Aliupiga ulivyo. Kila mwisho wa mstari alivuta pumzi waziwazi, na akamwona mama yake akitikisa kichwa kuridhika. Kisha akaanza kuuvunja. Aliuchukua mstari mmoja akaupindua, akauchelewesha, akaupeleka kwenye zile sauti za huzuni alizojifunza ughaibuni, akaurudisha, na watu waliokuja kwa adabu tu wakaanza kuinama mbele. Bibi yule wa miluzi naye akainama.

Jazi, kama Wasif alivyopenda kueleza hata asipoulizwa, ni mazungumzo: mmoja anauliza, mwenzake anajibu. Mtu akiwa peke yake hujiuliza na kujijibu. Lakini Wasif alikuwa na desturi yake, ambayo walimu wake waliisifu bila kujua imetoka wapi. Aliuliza, halafu akaacha kimya, urefu ule ule wa jibu, kana kwamba kuna mtu wa pili jukwaani. Katika kimya cha kwanza watu walisikia njiwa juu ya dari. Katika kimya cha pili mstari wake mwenyewe ulirudi kutoka kwenye minara, dhaifu na umechelewa kidogo, na Wasif akafurahi kwamba mahali alipochagua palikuwa pazuri.

Katika kimya cha tatu ulirudi mstari ambao hakuupiga.

Ulikuwa wa nai, hilo halikuwa na ubishi. Ulijibu swali lake pale pale, kwa mzaha kidogo, kama mkubwa anavyomjibu mtoto aliyeuliza jambo gumu. Na ulikuwa na ile sauti tunayoiita sika, sauti inayokaa katikati ya noti mbili, ambayo piano haina ufunguo wake. Kila mpigaji huiweka mahali pake. Nimr aliiweka chini kuliko wote, na wenzake walimcheka wakisema tundu la nai yake lilitobolewa na mtu mwenye usingizi. Sauti iliyotoka kati ya minara ilikuwa chini kiasi kile kile. Ami Fawwaz, nyuma, aliacha kuhesabu tasbihi.

Wasif alimtupia jicho Udayy. Udayy alikuwa amesimama, uso hauna rangi, ameinua mkono kumwonyesha waya alioung'oa ukutani. Mashine zote zilikuwa zimezima. Wasikilizaji wao walitabasamu, wakaambizana kwamba siku hizi kuna vyombo vya ajabu, kijana amerekodi mapema, amejipanga kweli, na wengine wakapiga makofi.

Wasif akauliza tena, swali gumu safari hii, akapita mahali ambapo mtu asiyejua jazi angepotea. Likajibiwa. Akauliza la tatu, na jibu likaanza kabla yeye hajamaliza. Ndipo furaha ilipompanda Wasif. Yuko hai! Alikuwa nyuma ya minara, mzee sasa, amejificha kama wacheza kibe, na baada ya kidogo atatoka na mvi zake na watu watapiga vigelegele. Akaondoa nai mdomoni, akasimama, akaingia kati ya minara, na filimbi ile ya pili ikaendelea peke yake.

Sauti ilikuwa daima mnara mmoja mbele yake. Alipoufikia mnara ilikotoka, ilitoka kwenye mwingine. Alizunguka mpaka ukutani, akakuta ukuta. Akarudi, akaweka kiganja kwenye nafasi kati ya sabuni na sabuni, pale ambapo sauti ilikuwa ikitoka waziwazi, kali, karibu kumtekenya vidole. Anayejua nai anajua kwamba ukiweka mkono mbele yake utahisi upepo wa mpigaji, vuguvugu, wenye harufu ya alichokula. Wasif hakuhisi kitu. Sabuni ilikuwa baridi na hewa iliyokuwa ndani ya mnara ilikuwa imetulia tuli.

Huko mbele, vitini, makofi yalikuwa yamekwisha. Wasif alichungulia katikati ya minara miwili, akaona jambo ambalo mwanzoni hakulielewa. Mzee mmoja alikuwa akifungua kishikizo cha shingo. Mwanamke kando yake alikuwa ameshika koo. Bibi wa miluzi alikuwa amefungua mdomo kama samaki aliyetupwa ufukweni, na safu nzima nyuma yake vifua vilikuwa vimepanda na havishuki. Hata yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kimeanza kuwa chepesi, na ukingo wa macho yake unaingia giza. Wote walikuwa wakingoja mwisho wa mstari ili wavute hewa, kama mtu anavyofanya bila kujua anapomsikiliza mpuliza filimbi, na mstari haukuwa na mwisho. Wimbo wa kumtoa bwana harusi ulikwenda ukapanda, ukazunguka, ukashuka, ukapanda tena, mtamu kuliko Wasif alivyowahi kuusikia, na haukukatika mahali popote.

Mama Wasif ndiye aliyesimama. Alikuwa amegeuza sikio upande wa minara, mkono mmoja juu ya kifua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemsikilizia mgonjwa chumba cha pili.

"Nimr," alisema, si kwa sauti kubwa. "Pumua."

Nai iliendelea.

"Pumua, mume wangu. Kidogo tu. Nisikie."

Akangoja. Ukumbi mzima ulingoja pamoja naye, na wapo ambao mpaka leo husema walimwomba Mungu kimoyomoyo isikike ile hik moja tu, hata ya kuibia. Wasif alitoka mbio kati ya minara akamshika mama yake mabegani, akamwambia akae, asiseme neno, asubiri, huenda ni ule ujanja wa mashavu, huenda mzee amejifunza mahali.

"Baba yako hakujua ujanja," mama alisema. "Nimelala pembeni ya pumzi ile, Wasif. Naijua kuliko jina langu. Huyu hana pumzi."

"Lakini ni yeye, mama! Si umesikia sika? Ni yeye."

"Ni yeye," mama alisema. "Ndiyo maana nasema."

Wasif alimtazama na akaona kwamba neno lile alilolibeba kifuani wiki nzima limekwisha kutamkwa, na si yeye aliyelitamka. Hakuona nafuu yoyote. Alilia kama mtoto, mbele ya watu waliomjia kama msanii, na wala hakuona haya.

Mama Wasif alimwacha alie. Alisogea mpaka kwenye mnara wa kwanza, akausemesha kwa sauti ile ya kawaida ambayo mke humwambia mume mambo ya nyumbani. Alimwambia kwamba harusi imekwisha zamani, bwana harusi yule sasa ana watoto wakubwa, na hakuna anayemngojea kijijini tena, kwa hiyo asihangaike. Alimwambia kwamba mwenye harusi ndiye humwambia mpiga nai basi, na kwa kuwa Nimr hakufika, hakuna aliyemwambia. Kosa ni lake yeye mkewe, alisema, kwa sababu alijua hilo na hakutaka kulisema.

"Inatosha sasa," alisema. "Kama huwezi kupumua, basi pumzika."

Kisha akamgeukia mwanawe, akamwonyesha nai iliyokuwa mkononi mwake kwa kidevu tu. Wasif alifuta uso kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi kwanza, kubwa, yenye kelele na kilio ndani yake, akaingia katikati ya wimbo. Hakupiga jazi. Aliushika mstari wa mwisho, ule unaoteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye sauti ya nyumbani, akauteremsha polepole, na alipofika kwenye sika aliiweka chini, chini kabisa, pale pa baba yake. Nai ya pili ilisita. Ikaja ikashuka pamoja naye. Kwa ngazi chache walipiga wawili, na Wasif alijua hatalipata tena jambo hilo maishani. Wakafika chini. Yeye akaishiwa hewa, akaacha, na upande wa minara nao ukaacha.

Watu wote walivuta pumzi kwa mara moja. Sauti ya pumzi zile ilijaza ukumbi, kisha vikafuata kikohozi na kilio.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa wakitazama chini, hawajui kama waondoke au wabaki, na nje jua lilikuwa linateremka kuelekea kizuizini. Mama Wasif alijitengeneza mtandio, akatembea mpaka mlango wa kutokea, akasimama upande wa kulia, mgongo umenyooka, mahali ambapo wafiwa husimama. Akamwita Wasif kwa jicho, naye akaenda akasimama kando yake, nai bado mkononi. Ami Fawwaz ndiye aliyeinuka wa kwanza. Yeye aliyeitafuta siku hiyo miaka yote alikuja mkono ameutanguliza.

"Wewe si mgeni," mama alimwambia. "Ni kaka yako. Pita huku."

Akapita, akasimama baada ya Wasif, na watu wakaelewa. Viti vilisogezwa. Mstari ukajipanga kutoka vitini mpaka mlangoni, wa mjini na wa vijijini, waliomjua Nimr na waliokuja tu kusikiliza jazi.

Wa kwanza alikuwa kijana asiyejulikana na mtu, mwenye mkoba wa mwanafunzi. Alimpa mkono Mama Wasif, akapokelewa, kisha akampa Wasif, akasema Mungu ayakuze malipo yenu katika msiba huu. Wasif alikuwa ametoa pole misibani tangu ana miaka kumi, lakini hata siku moja hakuwa amesimama upande wa kuipokea. Aliufungua mdomo, na kilichotoka ni kile alichozoea kuwaambia watu mlangoni baada ya kila onyesho.

"Asante kwa kuja," alisema. "Natumaini umefurahia."

Hakuna aliyecheka. Kijana alibaki ameshikwa mkono, hajui aendelee au angoje. Mama Wasif alimgusa mwanawe kiwiko, akainama kidogo, akamnong'oneza maneno ya kujibu, polepole, kipande kwa kipande, kama alivyomfundisha kusema bismillahi kabla hajaweza kutembea. Mwenyezi Mungu azilipe hatua zenu. Wasif aliyarudia. Kisha akayarudia kwa aliyefuata, na kwa bibi wa miluzi, na kwa aliyemfuata huyo.